Mwenye Kinywa Kilichojaa

Mansoor alipoteremsha kasha la kioo kutoka kwenye lori lake, mtaa mzima ulidhani ameleta televisheni. Ilikuwa ile miaka ya ruksa ya biashara, mtu analala na wazo anaamka na duka, na Makambako, njia panda ya waendao na warudio, ilikuwa imeshazoea kuona maajabu yakishushwa: magodoro ya sponji, redio za kaseti, marobota ya mitumba. Lakini kasha la kufugia samaki wa kutazamwa, sebuleni, katika mji ambao upepo wake wa mwezi wa sita unamtoa mtu machozi mchana kweupe? Jirani yao Getruda, ambaye wote walimwita Mama Jofrey, Mbena wa Njombe aliyezaliwa kwenye baridi na kukulia humo humo, alilizunguka lile kasha, akauliza kwa upole samaki hao wataliwa lini. Alipoambiwa hawaliwi, akasema haya, kila mtu na raha zake, akarudi kwake kumenya viazi.

Aliyeletewa samaki hao alikuwa Bi Ashura, mama yake Mansoor, na tusifichane, aliletewa kama hongo. Alikuwa ametoka kwao Manda, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kuja kutibiwa mguu. Mguu ulipopata nafuu akaanza kuuliza lori linashuka lini. Manda hakuwa na mtu tena. Dada yake aliyekuwa akiishi naye walishamzika, paa linavuja, na maji angeyachota mwenyewe huku anaegemea mkongojo. Yote hayo aliambiwa, akayakubali yote, kisha akauliza tena lori linashuka lini. Mtu ni kwao, alisema. Basi Mansoor, aliyekuwa na moyo mzuri na maneno machache, akaona kama mama hataki kuliacha ziwa, basi ziwa na limfuate mama.

Ila aliyetaka abaki kuliko wote alikuwa Shamimu, mke wa Mansoor. Shamimu alifiwa na mama yake angali mdogo, na mumewe, kama wenye malori wote, alikuwa wa barabarani zaidi kuliko wa nyumbani. Tangu Bi Ashura aje, nyumba ile ilikuwa imepata mtu wa kumkemea asipovaa sweta. Alimpenda mama mkwe wake mpaka akawa anajionea haya. Na lilikuwepo jambo jingine ambalo hakulisema kwa mtu. Alikuwa na mimba changa. Mbili za kabla yake zilitoka, na hii ya tatu aliificha hata kwa Mansoor, maana mara zile mbili walifurahi mapema, na furaha ile ndiyo iliyomuuma kuliko kingine. Alijua fika kwamba akitamka neno moja mbele ya Bi Ashura, safari ya Manda imekufa. Ndiyo maana hakutamka. Kumfunga mama wa watu kwa kamba ambayo huenda ikakatika kesho, alijiambia, huo si uungwana. Kama atabaki, na abaki kwa kupenda mwenyewe.

Mara ya kwanza Mansoor alileta samaki wawili tu, dume na jike, utadhani ni Nabii Nuhu anapakia jahazi. Samaki wenyewe walikuwa wembamba, wa rangi ya buluu, wa kadiri ya kidole. Walijibanza nyuma ya jiwe, wakapauka, wakasusa chakula. Bi Ashura alivuta kigoda akawatazama, akacheka mpaka khanga ikamdondoka kichwani. Akamwambia mwanawe kwamba tangu azaliwe hajawahi kuwaona samaki hao wakiwa wawili. Wao huenda kundi zima, kama watoto wanaotoka madrasa, na ukimtenga mmoja woga unamuua kabla ya njaa. Hata kwenye sufuria, aliongeza, kwetu huwezi kuwakuta wawili.

Safari iliyofuata Mansoor akaleta ndoo iliyojaa kundi, pamoja na gunia la mchanga na mawe ya kule kule ziwani, kwa amri ya mama yake. Bi Ashura aliyapanga mawe kwa mikono yake mwenyewe, akiligeuza kila moja kama anayelikumbuka. Katika ndoo ile alikuwamo pia samaki mmoja wa njano ambaye hakualikwa. Alikamata pango la pembeni siku ile ile na kumfukuza kila apitaye, wakamwita Balozi, kwa kuwa balozi wao wa nyumba kumi alikuwa na tabia hiyo hiyo. Maji yalipotulia, lile kundi la buluu likapanda juu, likageuka kwa pamoja, likang'aa. Shamimu hakuwatazama samaki, alimtazama mama mkwe wake. Siku hiyo Bi Ashura hakuuliza habari za lori.

Aliuliza kesho yake.

Hata hivyo, wakawafuga. Fundi redio aliwafungia balbu chini ya kifuniko ili maji yapate joto, na Mansoor alinunua kimashine cha kupuliza hewa kilichokuwa kikinguruma mchana kutwa. Asubuhi Bi Ashura alisaga dagaa kwa vidole, akawarushia kidogo kidogo huku akiwasimulia Shamimu na samaki, wote kwa pamoja, habari za Manda: nani alizama, nani alioa, samaki mbasa wa msimu gani walikuwa na mafuta. Shamimu alipika huku akisikiliza. Akajifunza kwamba samaki wakipoteza rangi wana baridi au hofu, na wakikaa juu juu wakihema, hewa imepungua. Zikapita wiki nzuri, za mazungumzo na uji wa moto, mpaka mtu angeweza kujidanganya kwamba mambo yamekwisha.

Kumbe hayajaisha. Mansoor alituma salamu kutoka safarini kwamba Jumamosi asubuhi atapita Makambako na kushuka ziwani, na kama mama bado ana nia ile ile, ajiandae. Bi Ashura akatandika shuka chini, akaweka blanketi lake, khanga zake na msala, akafunga lile fundo la safari, lile linalokazwa kwa meno, akauweka mzigo nyuma ya mlango. Shamimu alimsaidia kukunja. Alitabasamu muda wote, na alipofika jikoni akashindwa kula hata tonge moja. Si huzuni tu. Siku hizo harufu ya kitunguu peke yake ilikuwa inamgeuza tumbo.

Katika wiki hiyo hiyo jike mmoja wa lile kundi akaacha kula. Wenzake wanarukia dagaa, yeye yuko pembeni, na kidevu chake kimevimba. Shamimu aliingiwa na hofu kubwa, maana alishajitia akilini, bila kumwambia mtu, kwamba samaki hawa wakifa Bi Ashura hatakuwa na sababu yoyote ya kuikumbuka nyumba hii. Alimwita Mama Jofrey. Mama Jofrey akainama, akatazama kwa makini ya mtu aliyelea watoto wengi, akasema bila wasiwasi kwamba hayo ni matubwitubwi, yanaletwa na baridi. Jofrey aliwahi kuvimba vivyo hivyo, na dawa ni kumtenga asiambukize wenzake, kumweka penye joto na kumpa maji yenye chumvi. Lilikuwa neno la busara kwa kila kiumbe mwenye taya, isipokuwa huyu.

Shamimu akatayarisha beseni kando ya jiko la mkaa, akachukua chujio la chai, akaanza kumsaka mgonjwa. Balozi alilivamia chujio kwa hasira zote za uongozi. Kundi likatawanyika, likakusanyika, likatawanyika tena, na mwishowe jike akanaswa. Ndipo Bi Ashura alipotoka chumbani, ametoka kuswali laasiri, mkongojo mkononi.

"Mrudishe, mwanangu," alisema. "Taratibu, usimtingishe. Huyo si mgonjwa, huyo ni mzazi. Watoto wake wamo kinywani."

Shamimu alimrudisha taratibu. Kisha akaambiwa. Samaki huyu akishataga huyakusanya mayai kinywani mwake na kuyalea humo mpaka yawe watoto wenye macho na mikia, na muda wote huo hatii chakula mdomoni, asije akameza wanawe. Akitishwa sana huwatema wote. Kule Manda, mama yake Bi Ashura alikuwa akikagua nyavu kabla ya yeyote kugusa kitoweo, na kila aliyekuwa na kinywa kilichojaa alirudishwa majini, hata siku ambayo nyumbani hapakuwa na kitu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, alisema Bi Ashura. Mama Jofrey akashika kiuno, akamwomba samaki radhi kwa Kibena.

Shamimu akaketi sakafuni akalia. Alisema ni moshi wa jiko. Bi Ashura alimtazama kwa muda, akaangalia sahani ya ugali iliyokuwa imepoa mezani haijaguswa.

"Hajala tangu lini?" aliuliza.

"Nani, mama?"

"Samaki," akajibu Bi Ashura, akaenda kuketi kwenye kigoda chake.

Ijumaa, jua likiwa bado juu, mgao wa umeme ukaikuta Makambako. Balbu ikazimika, kimashine kikanyamaza, na upepo ukaanza kupitisha vidole kwenye kila upenyo wa dirisha. Magharibi ilipoingia maji yalikuwa yamepoa. Lile kundi likashuka chini likasongamana, rangi imewatoka, na jike mwenye kinywa kilichojaa amejilaza karibu na mchanga. Shamimu alichemsha maji, akayatia kwenye chupa tupu za soda, akazizamisha moja moja pembeni mwa kasha. Mama Jofrey alikuja na karai la makaa na chupa nyingine chini ya mgolole aliojitanda. Hakuuliza tena wataliwa lini. Alichukua kikombe, akawa anachota maji na kuyamimina kutoka juu ili yachanganyike na hewa. Lakini joto lilikuwa linakimbia kupitia kioo kwa kasi kuliko walivyoweza kuliingiza. Shamimu alikwenda chumbani kutafuta kitu kizito cha kufunika, akarudi na mablanketi yake yote mawili, na bado upande wa dirishani ulikuwa wazi.

Bi Ashura alijikongoja mpaka nyuma ya mlango. Aliinama kwenye mzigo wake, akalifungua lile fundo kwa meno kama alivyolifunga, akavuta blanketi, akaja kulizungushia kasha upande uliobaki. Akalichomeka vizuri chini, kama mtu anayemfunika mtoto.

"Mama, hilo ni la safari," alisema Shamimu.

"Safari ya nani?"

Mama Jofrey akakumbuka ghafla kwamba ameacha sufuria motoni, akatoka. Wakabaki wawili mbele ya makaa. Bi Ashura akaendelea kumimina maji kwa kikombe, hakumtazama Shamimu usoni, ili asimtie haya. Alimwambia kwamba amezaa watano na kuzika watatu, kwa hiyo mwanamke anayeuchukia ugali wake mwenyewe asidhani anaweza kumficha. Alikuwa anangoja aambiwe. Mwana akiwa na mimba anamwambia mama yake, na kama hamwambii, basi huenda yule si mama kwake. Ndivyo alivyowaza, na ndiyo maana akafunga mzigo.

Shamimu alishindwa kuzuia tena. Akasema yote: kwamba aliogopa, kwamba mbili zilimtoka, kwamba hakutaka mama abaki Makambako na baridi yake kwa ajili ya kitu ambacho huenda kisifike. Na ikitoka, mama atakuwa ameiacha Manda kwa bure.

Bi Ashura akaweka kikombe chini.

"Ikikaa, nitakuwepo," alisema. "Ikitoka, nitakuwepo. Ungeniambia tu, mwanangu, kwamba unanitaka."

"Nakutaka, mama."

Basi, ikawa hivyo. Walichota na kumimina kwa zamu mpaka umeme uliporudi. Asubuhi walipofunua mablanketi waliwakuta samaki wawili wamekufa, wadogo, na Bi Ashura aliwasikitikia kwa dhati. Waliobaki walikuwa wamepanda juu penye balbu, rangi inawarudia, na Balozi yuko mlangoni mwa pango lake anatafuta ugomvi. Jike alikuwa katikati ya kundi, kidevu kimejaa vile vile.

Nje honi ya lori ikalia. Mansoor aliingia na vumbi lake, akasalimia, akatazama nyuma ya mlango.

"Mama, mzigo uko wapi?"

"Nyumba ina wazazi wawili," alisema Bi Ashura. "Niende wapi mimi?"

Mansoor akasogea kwenye kioo, akainama, akatazama sana. Akasema anamwona mmoja. Mama yake akamwambia wa pili yuko jikoni, akamuulize kwa nini hali. Mansoor alisimama pale pale na kofia mkononi, na jinsi neno lilivyomwingia taratibu ndivyo na macho yalivyomjaa machozi. Alikwenda jikoni. Hakuna aliyesikia walichoambiana, na haituhusu. Lori lilishuka Manda bila abiria, na agizo la Bi Ashura lilikuwa fupi: nyumba ile itiwe kufuli, na Mansoor aongeze mawe.

Lori lilipoondoka, Bi Ashura alikoroga uji wa ulezi, akatia maziwa aliyoleta Mama Jofrey, akaja nao mpaka alipokuwa ameketi Shamimu mbele ya samaki. Shamimu alitazama bakuli, akageuza uso, akamwonyesha jike kwa kidole. Mbona mwenzangu hasumbuliwi, alisema.

"Mwenzako ana sababu," alisema Bi Ashura, akimshikisha kijiko. "Wewe kinywa chako hakina mtu. Kunywa."

Akanywa.