Kitambaa cha Spika

Kama kuna neno lililomchoma Bosire maini wiki ile, ni neno "flashi". Nyangau, mzee wa kanisa, alilitamka Sabato baada ya ibada, watu wote wakiwa bado wamekaa. Akakitoa kidude chenyewe mfukoni, akakiinua kwa vidole viwili ili hata walio mlangoni wakione. Akasema ndani yake mna nyimbo zote za ibada, zimepigwa na watu wanaojua kazi yao, na kwamba makambi ya mwaka huu, ile mikutano mikubwa ya ibada, yakifika na wageni wakija kutoka kila upande wa Nyamira, kanisa lao la Gesima halitaaibika tena.

"Kinanda yetu inanguruma tu," alisema. "Huku nyuma hatusikii wimbo, tunasikia ng'ombe imefungiwa kwa stoo. Sabato ijayo kama bado ni hivyo, tutumie hii na mambo iishe."

Bosire alikuwa bado kwenye kiti cha kinanda, mikono magotini. Kinanda kile alikuwa amekipiga tangu kilipoletwa kanisani, na kabla hakijaletwa alikuwa amejifunza kwa kugonga vidole juu ya meza jikoni, akifuatisha video za simu, mpaka majirani wakasema majani ya chai yamemchosha akili. Hakuna aliyemlipa wala hakutaka malipo. Alichotaka ni kile kiti, na makambi. Leo mtu ambaye hajui hata pa kukiwashia anataka kumfukuza kwa kidude kidogo kuliko kidole gumba. Alitoka bila kumsalimia mtu, na barabara nzima alikuwa akijibu maneno ambayo hangethubutu kumjibu Nyangau usoni.

Wiki ile nyumbani hapakukalika. Alimgombeza mkewe Kwamboka kwa ajili ya uji, akamgombeza ng'ombe, akagombana na mashine ya kupimia majani pale kituoni. Kila aliyesimama kumsikiliza alihesabiwa yote aliyowatendea wasio na shukrani. Nani alileta kile kifaa cha kutuliza umeme, maana stima ya Gesima hupanda na kushuka na ingekuwa imekwisha kukiunguza kinanda zamani? Bosire. Nani alikata kipande cha tairi kuukuu akakibandika chini ya pedali ili isikimbie sakafuni ikikanyagwa? Bosire. Nani alikatakata miguu ya kiti mpaka viwiko vikae sawa na vibonyezo, maana anayepiga akiwa amenyanyua mabega huchoka kabla ya ubeti wa pili? Huyo huyo Bosire. Kwamboka alisikiliza yote akichambua mboga.

Alhamisi akateremka Kisii, akapita kando ya mikungu ya ndizi ya soko la Daraja Mbili bila kuuliza bei, akaenda moja kwa moja kwa Abdinasir. Huyu ndiye aliyeliuzia kanisa spika ya kinanda. Duka lake lilijaa maredio na spika za misikiti, za makanisa na za matanga, zimepangwa mpaka darini, na mwenyewe alikuwa katikati akikata nyaya.

"Nataka spika kubwa kushinda ile," Bosire alisema.

"Ile imefanya nini, mzee wangu?"

"Inanguruma."

Abdinasir hakuinuka. "Mmeiweka wapi?"

"Chini. Kwa kona."

"Kona ya ukuta inazidisha besi. Itoe kwa kona, uipandishe juu ya kitu, ifike kimo cha sikio la mtu amekaa. Besi urudishe chini. Na wewe ukicheza unakaa wapi?"

"Nyuma yake."

"Wewe mwenyewe unasikia nini?"

"Nasikia kinanda. Kiko na spika zake ndogo ndani."

"Basi unasikia yako peke yako, na watu wanasikia ingine," Abdinasir alisema. "Mimi nikifunga spika msikitini sikai kwa mitambo. Naweka mtu asome, mimi naenda kukaa safu ya mwisho kabisa. Pale kwa mitambo kila kitu ni tamu. Wewe ushawahi kaa kiti ya nyuma?"

Bosire alihisi damu ikimpanda. Amepanda gari kuja kununua, na mwenye duka anamhubiria. Angekaaje kiti cha nyuma na yeye ndiye mpigaji? Alimuuliza Abdinasir kama hana spika aseme tu hana. Abdinasir akasema anazo, lakini akimuuzia nyingine itanguruma vile vile, kisha baada ya mwezi atarudi hapa kumtukana mbele ya wateja. Mwishowe Bosire akanunua waya mnene, si kwa kuwa aliuhitaji, ila asirudi mikono mitupu. Hata shukrani hakutoa.

Ijumaa alasiri alikwenda kanisani. Siku hiyo wanawake husafisha kanisa kabla jua halijatua na Sabato kuingia. Wengi walikuwa wamekwisha kwenda kupika, na sakafu ilikuwa bado na unyevu. Kwamboka peke yake alikuwa mbele, anaivalisha spika kitambaa chake. Kilikuwa kitambaa cha kufuma kwa uzi wa sweta, cheupe chenye pindo la zambarau, kazi ya mikono yake mwenyewe, na kila Ijumaa kilifuliwa, kikaanikwa, kikarudishwa. Viti vya sebule vina vitambaa, redio ina kitambaa, hata mtungi wa gesi una kitambaa. Spika ya kanisa ingekaa uchi kwa nini?

"Njoo ubonyeze hapa," Bosire alimwambia kutoka kwenye kinanda. "Hizi tatu. Bonyeza usiachilie mpaka niseme."

"Mimi sijui hii kitu."

"Sijakuuliza kama unajua."

Kwamboka alikaa, akabonyeza. Bosire akaenda hadi benchi la mwisho, penye harufu ya matope ya viatu, akaketi. Alikuwa amekuja kuthibitisha kwamba Abdinasir ni mpuuzi. Akasikia. Haukuwa muziki. Ulikuwa mngurumo mzito usio na mwanzo wala mwisho, sauti tatu zimekorogwa pamoja. Nyangau hakutia chumvi, na hilo lilimuudhi zaidi.

Akamwambia Kwamboka apande vibonyezo vya juu. Hapo hata mngurumo ukafa, kikabaki kitu kama mtu anayesemea ndani ya blanketi. Bosire akakiangalia kile kitambaa. Akainuka, akaja mbele akikanyaga sakafu mbichi, akakifunua pindo. Kumbe vilikuwa viwili, kimoja juu ya kingine, na chini yake spika ilikuwa ingali imevaa nailoni yake ya dukani.

"Wacha hiyo," Kwamboka alisema.

"Hii ndiyo inaniua! Mnanifunika mdomo halafu mnasema sijui kusema?"

"Nimekuambia wacha, Baba Nyasani."

Haikuwa kawaida yake kusema mara mbili. Bosire akamgeukia. Kwamboka alikuwa bado amekaa kwenye kile kiti kilichokatwa miguu, mikono ameikunja mapajani.

"Ya kwanza nilishona iwe urembo," alisema. "Ya pili wamama waliniomba. Tulikaa tukasema, ama tufunike hiyo kitu, ama tuwache kuimba."

"Kwa nini?"

"Hutusikii. Zamani omong'ina mmoja, mama mzee, alikuwa anaanza wimbo pale koo yake imefika, na sisi wote tunaingia. Bono, siku hizi, ni wewe unaanza. Unaanza juu, pale vidole zako zimezoea, na hungoji mtu apumue. Tukifika mahali pa juu tunafunga mdomo. Ukifunikwa kidogo, angalau tunaweza imba yetu chini chini."

"Na hukuniambia."

"Nikuambie saa ngapi? Wewe unasikizaga nani?"

Bosire alipandwa na mori. Njama. Mke wake mwenyewe, analala naye kitanda kimoja, anamfulia mashati, kisha kila Ijumaa anakuja hapa kumziba kinywa kwa uzi wa sweta mbele ya Mungu. Alisema maneno ambayo hayasemwi kanisani. Kisha akatoka, akamwacha afunge milango mwenyewe. Jua lilipotua walipaswa kuikaribisha Sabato kwa sala wakiwa wamepatana. Aliomba, ndiyo, lakini kwa sauti ya kugombana, na Kwamboka akaitikia amina kwa sauti ya kugombana vile vile.

Asubuhi alifika kanisani kabla ya watu. Akavivua vitambaa vyote viwili, akararua nailoni, akaitoa spika kwenye kona na kuipandisha juu ya benchi upande wa ukutani, ikaelekea watu na yeye pia, ili asikie kila watakachosikia. Akapunguza besi. Ushauri wa Abdinasir aliufuata wote akiwa amekunja uso, kama anayemeza dawa ya mtu anayemchukia. Leo watamsikia. Wakose pa kujificha.

Kanisa lilijaa. Nyangau alikaa mbele na koti lake la siku kuu. Wimbo wa kwanza ulipotajwa Bosire hakungoja mtu kusimama vizuri, akaingia kwa mikono yote miwili, na sauti ikatoka safi, kali, kila chodi, kila fungu la sauti, imekaa mahali pake. Moyo wake ulifurahi kwa hasira. Ubeti wa kwanza ukaisha. Katika ubeti wa pili, kwa kuwa sasa spika ilimwelekea na yeye, akaanza kusikia kitu alichokuwa hajawahi kukisikia. Alisikia watu wakipungua. Ulipofika ule mstari unaopanda, wanawake walinyamaza mmoja baada ya mwingine, bila kelele na bila kununa, kama watu waliozoea. Wakabaki wanaume wachache wanaofoka bila tuni, na yeye. Akainua macho. Kwamboka alikuwa amesimama safu ya tatu, kitabu wazi mkononi, midomo imefungwa, anaangalia sakafu.

Pale mbele mkono wa Nyangau ulikuwa umeingia mfukoni.

Bosire aliondoa vidole. Wimbo ukakatika katikati ya neno, na kanisa zima likamtazama. Alijua angeweza kuinuka sasa hivi na kwenda zake, flashi ichukue kiti, na lawama zote ziwe juu yao. Neno la kuaga lilikuwa tayari ulimini. Akalimeza, likashuka kama mwiba.

"Mama Nyasani," alisema, na sauti yake ilikuwa bado ya ugomvi. "Anza wewe."

Watu waligeuka kumtazama Kwamboka. Alikifunga kitabu, akakiweka benchini. Kisha akafungua kinywa, akaanza chini kabisa, polepole, pale koo lake lilipotaka. Wanawake wakaingia nyuma yake bila kuitwa. Bosire akautafuta ule mwanzo kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, akakosa, akasogea, akakosa tena. Ulikuwa kwenye kibonyezo cheusi, mahali ambapo yeye hakuwahi kuanzia wimbo hata siku moja. Hakujua chodi za huko. Kwa hiyo akapiga besi peke yake, sauti moja moja, kwa woga, kila mara akingoja wavute pumzi ndipo asogee. Mkono wa kulia ulikaa gotini wimbo mzima.

Walipofika mstari unaopanda, hakuna aliyenyamaza. Katikati ya sauti zile aliitambua moja, nzito, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni mwa maneno, ile ile iliyouanza wimbo, ya Kwamboka. Mwanamke huyo alikuwa amezaa naye watoto wake wote. Hakuwahi kumsikia akiimba.

Ibada ilipokwisha, Nyangau alimjia amekunjua uso, mikono yote miwili mbele.

"Bosire, leo umepiga!" alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Tangu kinanda ikuje hapa hujawahi piga hivyo. Hii spika mpya umetoa wapi? Makambi tuko sawa, hii flashi nitapea watoto waweke katuni."

Wazee wakacheka, wengine wakapiga makofi. Bosire alitazama kile kidole chake kimoja. Kazi yake yote ya miaka, mikono miwili, chodi alizozitafuta mpaka macho yakauma, hakuna aliyewahi kumpigia makofi. Leo amepiga kidogo kuliko mtoto wa nasari, ndipo wanampa sifa. Hasira ilimpanda tena, ikatafuta mtu wa kumwangukia. Nyangau alikuwa karibu, lakini hakumfaa. Kando ya ukuta Kwamboka alikuwa amevikuta vitambaa vyake chini, anavikung'uta vumbi na kuvikunja kimyakimya.

"Spika ni ile ile," Bosire alisema kwa ukali, na kicheko kikakatika. "Mimi ndiye nilikuwa sisikii. Waulize wamama, walijua."

Kwamboka aliacha kukunja. Hakutabasamu, wala Bosire hakumwomba atabasamu. Bosire alichukua kiti cha ziada kilichokuwa nyuma ya mimbari, akakiburuta sakafuni mpaka ubavuni mwa kinanda, akamwambia mkewe akae hapo, amwimbie tena ule mwanzo, polepole, maana vile vibonyezo vyeusi alikuwa havijui.