Nywele za Uwanja wa Kati

Asubuhi ya robo fainali, Msusi alikuwa akimfumua nywele mteja wake wa kwanza, mtunza uwanja alipoingia saluni na viatu vyenye udongo mwekundu, akaomba aazimwe mashine ya kunyolea.

"Unataka kumnyoa nani, kaka?"

"Uwanja."

Mteja hakuinua macho kwenye simu yake.

Mtunza uwanja akaeleza kwamba nywele zilianza kuota raundi ya kwanza, fupi kama ndevu za juzi, wakadhani ni nyuzi za mipira ya tenisi. Raundi ya pili zikafika kwenye vifundo vya miguu ya wachezaji. Mashine ya kukatia majani ilizitafuna kidogo, ikakabwa, ikatoa harufu ya kichwa kinachoungua. Mwamuzi mkuu alikaa na wenzake wakaamua kwamba mpira ukinasa kwenye nywele, pointi irudiwe. Watazamaji walipiga makofi, maana sheria ilikuwa imeeleweka.

"Ni za watu au za wanyama?"

"Za watu, dada. Nyingine zimewekwa dawa."

"Basi hiyo si kazi ya kuazimana mashine. Nakuja mwenyewe."

Akafunga mkoba wa kazi. Mama mdogo wake, aliyekuwa akishinda pale saluni kuwasema wateja, alinyanyuka naye. Hakuna aliyemwalika, na hakuna aliyewahi kumzuia kwenda popote.

Uwanja wa kati ulikuwa kwenye mteremko uliokuwa makaburi ya mji. Kabla ya kuujenga, wenye mashindano walitangaza kwamba marehemu wote wamehamishiwa nyuma ya machimbo ya mawe, na kila familia ikaonyeshwa bamba lake la saruji. Kila mwisho wa mwezi Msusi alikwenda kwenye bamba la mama yake, akang'oa magugu, akampa habari za saluni: nani kaolewa, nani kakatika nywele kwa ubishi wake.

Nywele hazikuota ovyo. Ziliota kichwa kwa kichwa, kwa safu, zote zikielekea upande mmoja. Zilikuwa na uvuguvugu. Kwenye wavu mafungu yalikuwa yamenasa kama uchafu kwenye tundu la bafu, na mpira mmoja uliosahaulika ulikuwa umevishwa nywele hata manjano yake hayakuonekana. Msusi aliagiza uwanja umwagiwe maji.

"Tunaumwagia jioni," alisema mtunza uwanja.

"Mimi simnyoi mtu bila maji."

Wakamwaga. Msusi akapiga magoti, akaanzia kwenye wavu. Alinyoa vizuri, bila kukwaruza, na mama mdogo akawa anajaza magunia. Walipofika karibu na mstari wa nyuma, Msusi alikuta nywele nyeupe zenye kipara cha umbo la kijiko upande wa kushoto. Mama yake alimwagikiwa na maji ya moto utotoni. Kile kipara Msusi alikuwa amekizungushia chanuo tangu alipojua kushika chanuo.

Akazima mashine.

"Mama mdogo, njoo uone."

Mama mdogo aliinama, magoti yakalia. "Ndiye dada yangu. Na hajachanwa."

"Sasa kule machimboni nimekuwa nikimsalimia nani?"

"Saruji, mwanangu. Ndiyo maana ilikuwa haikukatizi maneno."

Mkurugenzi wa mashindano alikuja kukagua akiwa na soseji mkononi. Alikuwa mtu mnene, mwenye adabu, na alimpa shikamoo mama mdogo huku akitafuna.

"Huyu hapa ni mama yangu," Msusi alimwambia. "Mlisema mmewahamisha."

"Tuliwahamisha. Tulihamisha majina," alisema Mkurugenzi. "Majina yote. Nenda popote kwenye uwanja huu, hutakuta jina hata moja."

"Nataka atolewe kabla ya fainali, nikamzike."

"Dada yangu, tukichimba shimo hapo, mpira utadundaje? Watu wamesafiri kutoka mbali. Fainali ikipita tutazungumza." Alilamba mafuta kwenye kidole gumba, akakitazama, akakilamba tena.

Msusi alisema wengine atawanyoa, lakini mama yake hamnyoi. Mkurugenzi alisema kichwa kimoja kisiponyolewa kitaharibu nusu fainali mbili. Walivutana mpaka Msusi akasema atamsuka mistari, ya kulala, iliyobanwa. Akamsuka. Mkurugenzi aliomba mpira, akaudundisha juu ya mistari ile mara kadhaa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ulidunda vizuri kuliko kwenye udongo.

Yale magunia yaliwekwa nyuma ya jiko la wageni, karibu na maganda ya viazi.

Fainali ilichezwa baina ya mchezaji aliyeitwa Namba Moja na kijana waliyemwita Mrefu. Jua lilikuwa kali. Jasho liliwatiririka wote wawili na uwanja ukalinywa. Namba Moja alikuwa na mazoea ya kukwangua soli zake kabla ya kuanzisha mpira, na pale alipokuwa akisimama palikuwa kwenye mistari ya nywele. Alikwangua, akaanzisha, akarudi, akakwangua. Kufikia seti ya tatu, mistari miwili ilikuwa imefumuka.

"Miguu kama ya nguruwe," alisema mama mdogo. Bibi wa kiti cha mbele akamwomba anyamaze, mpira unaanzishwa.

Pointi ya mwisho, Mrefu alichelewa kwa sababu kisigino chake kilishikwa na nywele mpya zilizokuwa zimeota tangu asubuhi. Mpira ukampita. Namba Moja alianguka kifudifudi kwa furaha, akaubusu uwanja. Aliposimama alitia vidole viwili mdomoni, akavuta unywele mrefu mweupe, ukatoka taratibu, akaupangusia kwenye taulo. Televisheni ililirudia busu lile polepole. Watu walisimama kumshangilia.

Watu walipokuwa wakitoka uwanjani, Msusi alikwenda kwa Mkurugenzi na jembe begani.

"Fainali imepita."

"Imepita vizuri ajabu!" alisema Mkurugenzi. "Wadhamini wamefurahi mno. Mwakani wanataka nywele zisinyolewe kabisa, zisukwe zote kama ile moja, halafu zitiwe rangi yao. Kazi ni yako, dada."

"Na kuchimba?"

"Tulisema tutazungumza baada ya fainali."

"Imepita."

"Ya mwakani." Akaashiria ukutani, palipoegemezwa mashine mpya ya majani, kubwa, visu vyake bado vina grisi ya dukani. "Ukikataa hakuna ubaya. Hii wameniambia haikabwi na kitu."

Msusi aliitazama mashine. Akaushusha mpini wa jembe.

"Rangi gani?"

"Kijani. Isiyokoza."

Msusi alisema kijani hushika vizuri kwenye nywele nyeupe, lakini nyeusi itabidi zipaushwe kwanza.

Mama mdogo alitema mate chini. Kisha akakumbuka ni wapi, akainama, akayafuta kwa kiganja.