Urgence wa Kikula

Jua lilipozama, Kabedi alitandika gunia mbele ya nyumba yake kule Kikula, mtaa mmoja wa Likasi, akaweka beseni la samaki, akamwita mjukuu wake wa kike aje akae karibu ili aone magamba vizuri. Mtoto akaja, akakaa. Magamba yakaonekana.

Mtoto huyo aliitwa Urgence. Alizaliwa siku wabunge walipotangaza urgence ya umeme, yaani dharura: kuran, umeme wenyewe, iende kwanza kwenye tanuru za shaba, watu wa mitaa wangoje. Katika ukoo wa Kabedi mtoto hupewa jina la jambo alilolikuta mlangoni. Huyu alilikuta hilo. Alipoota meno, akaanza kuwaka.

Nuru yake haikuwa na joto. Ilitoka chini ya ngozi, tulivu kama maziwa yanayojaa kikombe. Akicheka ilivuka ua, ikashuka njiani, na vumbi lililokanyagwa mchana kutwa likaonyesha ukijani wa malakite, jiwe la shaba, uliokuwa umelala ndani yake. Wapita njia walishusha sauti, kama mtu anayeingia kanisani wimbo ukiwa umeshaanza. Halafu walivuta viti na kuendelea na kazi zao. Huyu alichambua mchele, yule alisoma Zaburi. Jaël, jirani mshona nguo, alileta cherehani yake kila jioni.

"Minye niko na kitendawili," Kabedi alisema. "Anapita juu ya nyumba yangu kila siku, hajanisalimia hata mara moja."

"Pasta," Jaël alisema.

"Pasta anasalimia, na anabakia kula."

"Kuran," mtoto alisema, akitazama nyaya nene zinazokwenda Kamatanda, kwenye tanuru.

Ndipo redio ya betri ikasema kwamba wabunge wanatayarisha sheria ya kumaliza urgence. Kisu cha Kabedi kikasimama juu ya samaki.

"Bakimaliza Urgence," aliuliza, "huyu atabakia na nini?"

Hakuna aliyecheka. Jina ni jina, na nuru ilikuja nalo.

Mbunge wao, Firmin, alipokuja Kikula kueleza sheria hiyo, Kabedi alimfuata akimshika mtoto mkono. Giza lilikuwa limeshaingia na karatasi ya mbunge ilikuwa haisomeki.

"Honorable, ile sheria yenu itazima mutoto wangu. Anaitwa vile vile."

Firmin alimtazama mtoto. Akavua kofia. Akamwomba asogee, akasoma sheria yote kwa nuru yake, na sauti yake ikawa ndogo kadiri alivyoendelea.

"Huyu hapana kumuzima, mama," alisema.

"Basi muandike."

"Nitaandika."

Akaandika. Vifungu vingine viligombaniwa mpaka wabunge wakakauka koo. Hiki kilipita kwa makofi, maana tanuru bado zilitaka umeme wa mtu fulani. Redio ilikisoma polepole: urgence imekwisha kila mahali, isipokuwa Urgence ya Kikula.

Kura zilikuwa zimepigwa. Kuran haikuja kwa Kabedi. Mitaa mingine ya Likasi iliwasha taa, watu wakarudisha friji mahali pake. Kikula, umeme ulipita juu ya mabati kama zamani, safari hii kwa sheria.

Jaël alifika na cherehani kichwani, akaitua.

"Mama Kabedi, balimaliza ya kila mutu, baliacha yetu."

"Minye niliomba mutoto. Bale balisikia mutaa."

"Ungejua, ungeomba?"

Kabedi alimgeukia mjukuu wake. Mtoto alikuwa anatafuna karanga, na kila alipomeza, nuru ilishuka kooni na kupanda tena. Watu wote walikuwa wameacha mikono yao ikae kimya, wakitazama.

"Ningeomba," Kabedi alisema.

Jaël alikubali kwa kichwa. Alilamba uzi, akatafuta tundu la sindano, akalikosa.

"Urgence, mama, sogea hapa kidogo."

Mtoto akasogea, na wote waliokaa nyuma yake wakainua viti vyao, wakamfuata.