Dakika Kumi na Tano

Zubeda, fundi cherehani kutoka Tanga, hakuwahi kufika Palestina, lakini mji mdogo wa Bayt Rumman aliujua kama mtaa wake. Kila asubuhi, kwenye karakana yake ya ushonaji hapa ugenini, Doornfontein, mtarizi wake Hanan alimpigia mamake simu ya video, naye Zubeda akisogeza kiti karibu atazame. Alilijua geti la chuma la kuingilia mjini, ambalo wanajeshi wa Israeli hulifunga watakapo. Alijua kwamba likifungwa, Abu Salim mwokaji hupeleka mikate nyumba hadi nyumba, na watoto husomea kwenye ukumbi wa harusi.

Jumanne ile Umm Rami, mamake Hanan, alipokea simu akiwa barabarani, miguu mitupu.

"Wanajeshi wametupa dakika kumi na tano tutoke," Hanan alitafsiri. "Wanabomoa nyumba. Eti haina kibali cha ujenzi."

"Si mliomba?" Zubeda aliuliza.

"Mara nne, dada. Hawatoi."

Nyuma ya Umm Rami majirani walikuwa wamejipanga mstari, wakipokezana magodoro, masufuria, mashine ya kufulia. Abu Salim alikuwa na unga mpaka kwenye viwiko. Hakuna aliyepiga kelele. Kisha tingatinga likasogea, na ukuta wa jikoni wenye vigae vya buluu, ambao Zubeda aliuona kila siku, ukalala chini.

Simu ilimponyoka Hanan. Zubeda akaidaka. Alitaka kusema neno, lakini Kiarabu chote cha madrasa kilikuwa kimemtoka kichwani.

Vumbi lilipopungua, uso wa Umm Rami ulijaa kwenye kioo. Akauliza jambo polepole, kama anayeongea na mtoto, na Zubeda akaelewa bila mkalimani: Hanan amekula?

"La," alijibu.

"Mlishe," Umm Rami akasema.

Zubeda akashuka spaza, kiduka cha chini, kununua mayai. Aliyapasua kwa haraka hata maganda yakaingia kikaangoni. Hanan aliyala hivyo hivyo, ametumbua macho ukutani.

Asubuhi iliyofuata Umm Rami alipiga mwenyewe, kutoka nyumbani kwa Abu Salim. Familia nne zilikuwa zimegombania kumpa malazi, alisema. Akageuza simu dirishani. Majirani walikuwa kwenye kifusi, wakichambua mawe mazima na kuyapanga kando ya njia.

"Watajenga tena?" Zubeda aliuliza.

Hanan alitafsiri swali. Umm Rami alimtazama Zubeda kwa mshangao, kama vile hakuelewa kwa nini anaulizwa jambo lililo wazi hivyo.