Wakuja wa Mlima Nephin

Mzee Festus Nulty alianza kuota miti myeupe mwezi wa pili, mlima Nephin ungali na theluji kichwani. Kila asubuhi Sabina, bintiye, alipompelekea uji kitandani, alimkuta akitabasamu, macho yangali mbali.

"Nilikuwa huko tena," mzee alisema. "Imechanua yote. Nyeupe, Sabina, kama shuka zilizoanikwa."

Sabina alijua ndoto hizo zilikotoka. Upande ule wa Mayo, magharibi mwa Ireland, miti ya matunda haioti. Upepo na kinamasi havikubali. Lakini akina Nulty walikuwa na kisa chao, kilichopita mdomo kwa mdomo: kwamba wazee wao walifukuzwa huko Armagh, kaskazini, kwa kuwa Wakatoliki, nyumba ikiwaka nyuma yao, nao wakatembea hadi magharibi na ng'ombe mmoja na mtoto mchanga ndani ya tenga. Bibi aliyembeba mtoto aligeuka mara moja tu, akaona mitufaha imechanua. Hawakubaki na kingine, ila kisa hicho na jina. Nulty, kwa Kiairishi cha kale, ni mwana wa mtu wa Ulster, yaani mtu wa kaskazini.

Miaka mia mbili wamezaa na kuzika chini ya Nephin, na bado jirani yao Austin Gaughan, kila akishindwa karata, alimwambia Festus, "Nyamaza wewe, wakuja hamna neno hapa. Hivi kwenu mtarudi lini? Tuwakodie lori?"

Miaka yote mzee alicheka. Mwaka huu hakucheka.

"Mwezi wa tano," alijibu. "Sabina atanipeleka."

Austin aliweka karata chini. "Bwana we, nakutania tu."

"Najua. Lakini nataka kuiona ile miti."

Daktari alikuwa amesema moyo wa mzee umechoka, asisumbuliwe. Sabina alijiandaa kumkatalia, akapanga na maneno. Alipoketi kando ya kitanda na kumwona anavyomtazama kama mtoto aliyeahidiwa sikukuu, akasema watakwenda.

Walitoka mapema, ukungu umelala barabarani. Mzee alisinzia, akazinduka, akasinzia tena, na kila alipozinduka alizungumza kama mtu anayetembea kwa miguu. "Mtoto analia. Msimamisheni ng'ombe anywe." Sabina hakumsahihisha. Kadiri walivyokwenda, naye akaanza kuhisi kwamba ndani ya ukungu ule kulikuwa na watu wanaokuja upande wao, kimya, wamejitwisha mizigo, wakielekea magharibi. Akajikuta anapunguza mwendo na kusogea pembeni, kana kwamba anawapisha.

Mpakani mwa Ireland Kaskazini hapakuwa na askari tena, alama za barabarani tu zilizobadilika. Halafu, walipokuwa wanapanda kilima kidogo cha Armagh, ukungu ukainuka wote kwa pamoja, na vilima vikajitokeza vimevaa maua meupe hadi upeo wa macho.

Mzee akavua kofia.

Sabina alisimamisha gari kwenye geti la shamba moja, ambako mama mmoja mzee, mwenye mabuti ya mpira na ndoo mkononi, alikuwa akiwaita kuku. Alijitambulisha kuwa Hester Trimble. Sabina akamweleza wametoka wapi na wanatafuta nini.

"Nulty?" Hester akatikisa kichwa. "Hapana, mwanangu. Nimezaliwa hapa hapa. Jina hilo sijalisikia, wala sijaliona makaburini, yenu Wakatoliki wala yetu Waprotestanti."

Sabina akageuka kutazama gari. Safari yote hii, na baba yake yule pale anasikiliza dirishani.

"Lina maana gani?" Hester akauliza.

"Mwana wa mtu wa Ulster."

Hester akamtazama, kisha akaangua kicheko hadi kuku wakatawanyika. "Jamani! Nani hapa angemwita jirani yake hivyo? Hapa sote ni watu wa Ulster! Basi hata mbwa wangu ni Nulty!"

Mzee Festus naye akacheka, akacheka mpaka akakohoa. "Kwa hiyo jina tulipewa kule," alisema alipopata pumzi. "Tulipofika."

"Ndiyo hivyo, mzee wangu. Wale mliowagongea milango ndio waliowaita hivyo."

"Na hapa tuliitwa nani?"

Hester akaweka ndoo chini. Petali zilidondoka moja moja juu ya gari. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni.

"Huenda waliowafukuza ni wazee wangu," alisema taratibu. "Mimi sijui. Sisi upande huo hatukusimuliwa."

"Wewe ulikuwapo?"

"Sikuwapo."

"Basi tupe chai, mama. Tumetoka mbali."

Wakanywa chai chini ya mitufaha, pamoja na mkate wa magadi uliopakwa siagi. Mzee alilala kitini, maua yakamjaa mabegani. Sabina akawaza lile jina lililopotea. Alijaribu kimoyomoyo majina yote ya kaskazini aliyoyajua, moja baada ya jingine, na hakuna lililoitika. Alidhani angehuzunika. Badala yake alimwona yule bibi amesimama mvua ikimnyeshea, tenga mgongoni, na mtu asiyemjua anafungua mlango na kuuliza, nyie ni nani?

Mzee alipoamka alisema, "Baridi sasa. Nirudishe kitandani kwangu."

Tangu siku hiyo hakuiota tena ile miti. Akiulizwa, alisema ameota mvua tu, au hakuota kitu. Aliaga dunia mwezi wa nane, watu wakiwa mashambani wanakata majani ya mifugo, na Austin Gaughan alibeba jeneza bega la mbele, hakukubali kupokewa.

Hester, Sabina alipompasha habari, alikuja mazikoni peke yake, kwa basi. Alisimama nyuma kabisa, hajui aweke wapi mikono yake, mpaka Sabina alipomfuata na kumshika. Baada ya mazishi wakaingia naye nyumbani kwa mzee, wakamketisha karibu na moto. Akaomba asimuliwe tangu mwanzo jinsi akina Nulty walivyofika, na watu wa bonde lile wakaanza kumsimulia, wakikatishana maneno, huku chai yake ikipoa mkononi.