Mtoto Aliyesubiri Hukumu

Nzilani alijua ana mimba siku alipotapikia sukuma wiki ya jirani yake sokoni Kitengela, mwaka mmoja baada ya Daktari Wachira kumfunga kizazi. Watoto wanne walikuwa wamemtosha. Lakini Wachira, kama nusu ya Kitengela, alikuwa pia dalali wa ploti, na siku ya upasuaji alibana simu begani akimsifia mteja ploti ya kona, hata akashona bila kufunga chochote.

Nzilani akamshtaki daktari katika mahakama ya Kajiado. Hakutaka makuu, alitaka hakimu aandike kwamba alikosewa.

Miezi tisa ikatimia, uchungu haukuja. Nesi Soipan akatega sikio tumboni, akasalimia kwa Kimaasai, “Supa.” Mtoto akaitikia, “Ipa,” kisha akaeleza kwamba hatoki kabla ya hukumu. Soipan akaandika kwenye kadi: arudi baada ya hukumu.

Kesi iliahirishwa miaka mitatu. Mara faili imepotea, mara hakimu yuko semina, mara Ngigi, wakili wa daktari, ana mafua. Munguti, mumewe Nzilani, aliupanua mlango wa kibanda chao cha kuuzia nyanya ili mkewe apite. Wateja walimjulia hali mtoto kwanza, mama baadaye. Mtoto alipofika miaka miwili humo tumboni alianza kulalamika kwamba chai ina tangawizi nyingi.

Siku ya hukumu Ngigi alidai kwamba hakuna mtoto, kwa hiyo hakuna kesi. Hakimu hakumsikiliza. Alikubali kwamba daktari alikuwa kwenye simu. Wachira mwenyewe hakukana, maana ile ploti aliiuza vizuri. Ila mtoto ni baraka, hakimu akasema, na baraka haishtakiwi. Akampongeza Nzilani, akampongeza na daktari.

Nzilani alilia kwa hasira, na uchungu ukamshika papo hapo. Soipan, aliyekuwa shahidi wake, akatandika leso nyuma ya benchi. Akatoka msichana wa miaka mitatu, akajipangusa, akaketi kando ya mamake.

“Wamesema ulikosewa?” akauliza.

“Wamesema wewe ni baraka.”

“Hiyo najua. Si hiyo tuliuliza.”

Karani akamwambia anyamaze, kwa kuwa jina lake halikuwa kwenye orodha ya mashahidi, kisha akaita kesi iliyofuata.