Yai la Tatu

...sivyo, hayakuwa mekundu vile, ndivyo alivyosema Hajdar, kasema chinichini kama mtu anayejisemesha mwenyewe, macho kwenye filamu, na Pashk, kiti cha pembeni, akaacha kutafuna, mbegu ya alizeti imemkwama ulimini, amejuaje huyu, amejuaje rangi... pale mbele ofisa anapiga meza, anamwonyesha padri maganda ya mayai ya Pasaka, na mlinzi Mwislamu, yule atakayekuja kuwa rafiki wa padri, amesimama mlangoni, nusu ya ukumbi inalia, Hajdar halii, Hajdar anasahihisha rangi, "Maganda ya vitunguu hayatoi wekundu ule, hutoa kahawia," na mayai ya mkewe, marehemu Dila, yalikuwa ya kahawia kweli, lakini nani aliyaona, miaka ile serikali imefunga makanisa na misikiti, ukipaka yai rangi unafungwa, mlango umekomewa, mapazia chini, mke na mume tu, yai lake na yai la Dila, na maganda akayatia motoni kwa mkono wake mwenyewe, yakawa majivu... basi maganda aliyowekewa mezani kituo cha polisi yalitoka wapi, miaka minane ya kifungo machimboni akijilaumu kwamba moto ulikuwa hafifu, moto gani, kikulacho ki nguoni mwako, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwenzake wa domino kila alasiri, mpaka mtaani wanawatania, "Nyie wawili, leo nani kamwibia mwenzake?"... na mbona kila Pasaka akimpa yai halili, analitia mfukoni, "Nitakula nyumbani, bwana Pashk, meno haya," meno gani, mbona kokwa za jozi anazivunja kwa meno hayohayo, aliyekuchongea polisi atalimezaje yai lako, ashukuru giza hili, la sivyo angemkaba koo mbele ya watu... "Na kuku nao wajinga," Hajdar ananong'ona, "wanadonoa, wanabakiza vipande," kuku? kwenye filamu hakuna kuku, kuku walikuwa uani kwa Hajdar, kila mtu mtaani huwatupia kuku maganda ili watage vizuri, wakabakiza vipande chini ya ukuta, na nani angemdhania Mwislamu, polisi wakaviokota, wakaja moja kwa moja kwa Mkatoliki... Pasaka ile Dila alisema kuku ametaga mawili tu, alisema huku akiangalia pembeni, kumbe la tatu limo kwenye aproni, maana tangu enzi za mama zao yai la Pasaka huvuka ukuta na baklava, ile keki ya asali ya Bajram, Idi yao, hurudi, Dila hakuweza kuacha, lo, Dila, na siku ile anakata roho, "Usimwache Hajdar peke yake," yeye akaona wivu, wivu wa mzee mzima... na kituoni walipomuuliza nani mwingine alikula, aliapa hakuna, wakampiga akaapa tena, aliapa kwa moyo mweupe kwa kuwa hakujua, angejua, je, angestahimili, Hajdar alikuwa na watoto watatu wadogo wakati ule... Dila na Hajdar wote wawili walijua, mjinga ni yeye, inauma, jamani, inauma, ungeniambia, mwoga we, ningekutukana wiki nzima kisha tukapanga domino, miaka yote hii umekaa na yai kooni... ofisa bado anapiga meza, mfuko wa mbegu unakuja gizani kutoka kwa Hajdar, "Chukua basi, mbona umenyamaza?" na Pashk anachukua konzi ya mbegu, Pasaka imebaki wiki mbili, safari hii atalimenya yeye mwenyewe, atamwambia kula hapahapa mbele yangu, Hajdar, na maganda nipe mimi.